Bei tatu za paa moja: mwongozo kamili wa kuomba makadirio ya kuezeka

Doa lilianza dogo, juu ya mlango wa chumba cha kulala, rangi ya chai iliyomwagika. Mvua mbili baadaye lilikuwa na ukubwa wa sinia. Nikaita mafundi waje kunipigia hesabu ya kuezeka upya, nikijua nitapata bei tatu zinazokaribiana, nichague ya kati, yaishe.

Haikuwa hivyo. Tukiiita bei ya fundi wa kwanza 100, wa pili alisema 145, na wa tatu, aliyekuja na gari lenye maandishi ubavuni, alisema 210. Nyumba ileile, paa lilelile, wiki ileile. Wa nne aliniambia anakuja kesho, na kesho yake haijafika hadi leo.

Siku kadhaa nilikaa nikijiuliza ni nani kati yao anayetaka kuniibia. Mpaka nilipozilaza karatasi zao mezani na kuzisoma mstari kwa mstari ndipo nilipoelewa: kila mmoja alikuwa amepigia hesabu kazi yake mwenyewe. Mmoja alibadilisha mabati tu. Mwingine alibadilisha mabati na papi, yaani mbao ambazo mabati hufungwa juu yake. Wa tatu aliweka kila kitu kipya isipokuwa mifereji, ambayo hakuitaja kabisa. Kosa lilikuwa langu. Niliwaambia wote "njoo uone paa langu," nikawaachia wao waamue paa linataka nini.

Ningeanza upya, ningefuata mpangilio huu. Nimeuandika nikifikiria paa la mabati, lakini mwenye vigae naye atapata mengi humu.

Hatua ya 1: Panda darini kabla ya kupiga simu

Chagua saa ya mchana, jua likiwa kali. Ingia darini, zima tochi, tulia dakika tano macho yazoee giza. Kila tundu la bati litajionyesha kama nyota. Weka alama ya chaki kwenye ubao ulio karibu na kila nyota, kisha washa tochi ukague mbao. Kanyaga kwenye mbao za kenchi tu, yaani fremu za mbao zinazobeba paa. Ubao wa dari haukutengenezwa kubeba mtu, na kutokea chumbani kwa kupitia dari ni njia ghali ya kushuka.

Maji ya paa ni msafiri. Yanaingia kwenye tundu la msumari karibu na kofia, lile bati linalofunika kilele cha paa, yanashika papi, yanateremka na kenchi, ndipo yanadondoka mita mbili au tatu mbali na yalipoingilia. Doa langu lilikuwa juu ya mlango, lakini tundu lilikuwa upande wa pili wa ukuta, pale bomba la hewa la choo linapotokeza nje. Ukiona michirizi myeusi kwenye ubao, ifuate kuelekea juu, kule maji yanakotoka.

Chukua bisibisi, uchome mbao sehemu sehemu, hasa miisho ya kenchi inayokaa juu ya ukuta na mbao zilizo chini ya kofia. Ubao mzima unakataa. Uliooza unapokea bisibisi kama mkate. Gonga pia. Mlio wa uwazi ndani ya ubao na vijia vya udongo juu yake ni mchwa, na hapo tatizo lako si paa peke yake.

Jambo moja ambalo watu wengi hawalijui: si kila tone linatoka nje. Hewa yenye unyevu ikipanda kutoka jikoni au bafuni na kukutana na bati lililopoa usiku, inageuka maji chini ya bati na kudondoka asubuhi. Ukiona dari imelowa na hapakuwa na mvua, shuku umande huo. Dawa yake ni kupitisha hewa darini na kuweka kizuizi cha unyevu chini ya bati. Ukibadilisha mabati bila kugusa hewa, mabati mapya yatadondosha vilevile, tena kwa gharama mpya.

Kama bado huna uhakika, fanya jaribio la mpira wa maji. Mtu mmoja anabaki darini na tochi, mwingine anamwaga maji juu ya paa kutokea nje, akisimama chini au kwenye ngazi imara iliyoshikwa. Anza ukingoni, chini kabisa, umwage dakika kumi mahali pamoja, ndipo upande kidogo. Ukianzia juu, maji yatapita kwenye matundu yote kwa mpigo na hutajua lipi ndilo.

Onyo moja ambalo halina mjadala. Kama paa ni la zamani na limeezekwa kwa karatasi ngumu za kijivu zinazofanana na saruji, huenda ni asbesto. Aina zote za asbesto husababisha saratani, na vumbi lake ndilo linaloua. Usilikate, usilitoboe, usilisugue, na usimruhusu fundi yeyote alivunje kwa nyundo. Uliza kwanza mamlaka ya mazingira au ya afya ya eneo lako utaratibu wa kuliondoa.

Ukishuka kutoka darini utakuwa na jibu la swali linalobeba pesa zote: kiraka au paa jipya? Kama matundu yanahesabika, bati halijaliwa na kutu na mbao ni nzima, kiraka kinatosha, na fundi mwaminifu atakwambia hivyo. Kama kutu imetoboa sehemu nyingi na misumari inachezacheza kila unapoigusa, kiraka ni kuahirisha tu. Paa langu lilikuwa kundi la pili, ingawa nakiri nililitamani jipya hata kabla ya kupanda.

Hatua ya 2: Pima mwenyewe

Hii ndiyo hatua ambayo wenye nyumba wengi huiruka, na ndiyo iliyonirudishia fedha nyingi kuliko ubishi wowote wa bei. Huhitaji kupanda juu. Unahitaji futi ya kupimia, pima maji yenye urefu wa mita 1, kalamu na karatasi.

Pima urefu na upana wa nyumba kwa chini, kisha ongeza sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta kila upande. Tuchukue nyumba ya mita 12 kwa 9 ambayo paa lake linatokeza sentimita 60 pande zote. Urefu unakuwa 13.2, upana 10.2. Zidisha: mita za mraba 134.6 hivi. Huo ni ukubwa wa paa kama lingekuwa bapa.

Sasa mwinamo. Ingia darini, gusisha ncha moja ya pima maji kwenye ubao wa kenchi unaoteremka, iweke sawa mpaka povu likae katikati, kisha pima kwa wima umbali kati ya ncha ya pili na ubao uleule. Ukipata sentimita 36 hivi, paa lina nyuzi 20, nawe utazidisha eneo lako kwa 1.06. Ukipata 58, ni nyuzi 30, zidisha kwa 1.155. Ukipata mita nzima, ni nyuzi 45, zidisha kwa 1.41. Nyumba yetu ya mfano ikiwa na nyuzi 30 ina paa la mita za mraba 155 na nusu. Hesabu hii inafaa paa lolote ambalo pande zake zote zina mwinamo mmoja.

Tuhesabu na mabati. Bati halifuniki upana wake wote, kwa sababu kila moja linalala kidogo juu ya jirani yake. Uliza muuzaji upana unaofunika baada ya kulaliana. Tuseme ni sentimita 90. Paa letu la pande mbili lina urefu wa mita 13.2, kwa hiyo 13.2 gawanya kwa 0.9 ni 14.7, yaani mabati 15 kila upande. Mabati 30. Urefu wa kila bati ni nusu ya upana, 5.1, zidisha kwa 1.155: karibu mita 5.9.

Fundi wangu wa kwanza aliandika mabati 38 kwa paa la kipimo kama hicho.

"Fundi," nikamwambia, "hebu tuhesabu wote wawili."

Tukahesabu. Tukapata 30. Tukahesabu tena kwa simu yake. 30.

"Hayo mengine nane ni ya tahadhari, bosi," akasema, akiangalia paa kana kwamba ndilo lililotoa hesabu ile.

Sikumwita mwizi, na sidhani alikuwa mwizi. Nadhani alizoea wenye nyumba wasiohesabu, akajiwekea nafasi ya kukosea. Lakini nafasi hiyo nilikuwa nailipia mimi. Bati moja au mawili ya akiba kwenye paa la pande mbili lililonyooka ni sawa. Paa la pande nne, lenye kona za kukata mshazari, lina mabaki mengi zaidi, na hapo asilimia 15 juu ya eneo lako si wizi. Kama paa lina vipandevipande na mabonde mengi, yaani mikunjo ambako pande mbili za paa hukutana, mwache fundi akueleze mabaki yake kwa mchoro.

Hatua ya 3: Andika karatasi moja ya kazi, mpe kila fundi ileile

Kama utakumbuka kitu kimoja tu katika haya yote, kumbuka karatasi hii. Haina haja ya lugha ya kitaalamu. Inataja nini kifanyike, ili bei zitakazokuja ziwe za kazi moja. Yangu, ilipokamilika, ilikuwa na mambo haya:

- Kuezua mabati yote ya zamani, kuyashusha salama, na nani anayachukua. Mabati chakavu yana thamani, ukinyamaza, yataondoka.
- Papi: ngapi zibadilishwe, ubao wa kipimo gani, umepakwa dawa ya wadudu au la, na umbali kati ya papi na papi.
- Kenchi: zilizooza zitengenezwe, zikitajwa zilipo.
- Bati: aina, unene kwa milimita, rangi, urefu.
- Kifungio: misumari au skrubu, zenye mpira wa aina gani.
- Kofia, mabati ya mabondeni, na bati la kuzibia pale paa linapokutana na ukuta au bomba.
- Ubao wa ukingoni na mifereji ya maji, pamoja na mabomba ya kuteremshia.
- Usafiri wa vifaa, kuondoa taka, na kuokota misumari uwanjani.
- Siku za kazi, na turubai la kufunikia kama mvua itakuja.

Baadhi ya mistari hiyo inahitaji maneno zaidi kidogo.

Unene wa bati. Mafundi huongea kwa geji, na geji huenda kinyume na mazoea: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 30 ni jembamba kuliko 28, na 28 kuliko 26. Shida ni kwamba vipimo vya geji havilingani kila mahali, na wengine hupima bati pamoja na rangi yake. Kwa hiyo andika milimita, na uandike "kabla ya rangi." Wawili kati ya mafundi wangu waliandika geji 28. Nilipoomba milimita, zikatofautiana.

Kifungio. Bati la migongo ya mviringo hupigwa misumari juu ya mgongo wa wimbi, kwa sababu bondeni ndiko maji yanakopita. Mabati ya kisasa yenye migongo ya pembe hufungwa kwa skrubu zenye mpira. Mpira huo ndio unaozuia maji, chuma hakizuii. Ukikazwa mno unapasuka au kuchomoza pembeni, ukilegea maji yanapita. Muulize fundi anajuaje ameshakaza vya kutosha. Fundi wangu wa pili hakujibu kwa maneno: alitoa skrubu mfukoni, akaifunga kwenye kipande cha ubao, akasimama pale mpira ulipobonyea kidogo bila kutoka nje ya kofia yake ya chuma, akanipa nishike. Hapo alinipata.

Kukata. Uliza bati litakatwa kwa nini. Grenda inakata haraka, lakini joto lake huunguza rangi na madini yanayolinda chuma, na cheche zake hutua juu ya bati na kugeuka madoa ya kutu baada ya wiki chache. Mkasi wa bati ni wa polepole na ni salama. Hali kadhalika, saruji mbichi hula mabati. Fundi anayeziba kwa saruji mahali bati linapokutana na ukuta anakutengenezea kazi ya miaka michache ijayo.

Mifereji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba yetu ya mfano, yenye mita za mraba 134 kwa bapa, ikipigwa na mvua ya milimita 50 inamwaga zaidi ya lita 6,700. Maji hayo yana mahali pa kwenda, na usipoyachagulia yatachagua msingi wa nyumba. Ndiyo maana karatasi ya bei isiyotaja mifereji haijakamilika hata ikiwa imechapwa vizuri namna gani.

Hatua ya 4: Nani wa kumwita

Hapa sina mengi. Tafuta paa lililoezekwa misimu kadhaa ya mvua iliyopita, siyo lililokamilika juzi. Paa la wiki mbili halijawahi kuulizwa swali. Muulize mwenye nyumba jambo moja tu: "Ulipomwita arudi, alirudi?" Watatu wanatosha. Saba watakuchanganya, na wale sita utakaowakataa watakuwa wamepoteza siku zao bure.

Mtu anayebisha hodi siku moja baada ya dhoruba, akisema alikuwa anapita tu akaona paa lako limeharibika, mshukuru na umsindikize. Usimruhusu apande. Wapo wanaoshuka wakiwa wameacha tundu ambalo halikuwepo.

Hatua ya 5: Siku ya kuja kuona

Kaa naye. Usimfungulie geti ukarudi ndani. Namna anavyokagua ndiyo sampuli ya kwanza ya kazi yake.

Wa kwanza wangu alisimama uwanjani, akatazama juu akikinga jua kwa kiganja, akazunguka nyumba mara moja, akataja bei. Dakika nane, na kati ya hizo tatu alikuwa kwenye simu. Wa tatu, wa kampuni, alipiga picha nyingi na kupima kwa kifaa cha mwanga, kazi safi kabisa, ila hakuingia darini. Ni yule wa pili peke yake aliyeomba ngazi, akaingia darini, akakaa huko mpaka nikaanza kumwita. Aliposhuka mikono ilikuwa nyeusi na kiganjani alikuwa na kipande cha ubao alichokivunja kwa vidole.

"Bosi, bati lako ni bovu, sawa. Lakini hili ndilo bovu zaidi," akasema, akakiponda kile kipande kikawa unga.

Yule aliyetaja 100 alikuwa amepanga kuifungia mabati mapya mbao ile ya unga.

Mwachie nafasi aseme kwanza anachokiona, ndipo umpe karatasi yako. Akikuonyesha kitu ambacho hukukiandika, kiongeze, na uwarudishie mafundi wengine karatasi iliyorekebishwa. Usimtajie bei ya mwenzake. Ukishamwambia "mwingine amesema 145," hutapata tena hesabu yake, utapata 140.

Omba makadirio kwa maandishi, vifaa na ufundi vikitenganishwa. Kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu, chenye idadi na vipimo, ni bora kuliko karatasi yenye nembo iliyoandikwa "kuezeka paa, jumla."

Hatua ya 6: Kuzisoma bei

Chora jedwali. Mistari ni vitu vya karatasi yako ya kazi, safu ni mafundi. Jaza. Palipo wazi, paache wazi, kwa sababu uwazi ndio unaoutafuta.

Kwangu mimi safu ya fundi wa kwanza ilikuwa na mashimo matano: papi, mabati ya mabondeni, ubao wa ukingoni, mifereji na taka. Ya wa pili ilikuwa na mawili. Ya kampuni moja tu, mifereji, ingawa bei yake ilikuwa mara mbili ya ya kwanza na zaidi. Tumezoea kusema rahisi ni ghali. Hakuna anayetukumbusha kwamba ghali nayo inaweza kuwa pungufu.

Nikawarudia wote watatu na swali lilelile: "Hivi vitu ambavyo hukuviandika, utavifanya kwa bei hiyohiyo au una bei yake?" Bila lawama. Majibu yalipokuja, ile 100 ilipanda hadi 168. Ile 145 ikafika 176. Ile 210 ikafika 224. Tofauti iliyokuwa inanikosesha usingizi ikapungua karibu nusu, na hakuna aliyekuwa ameshusha hata senti. Nane kati ya pointi 168 na 176 ndiyo niliyokuwa nashindania kweli, na hiyo ni tofauti ambayo kipande kimoja cha ubao wa unga kingeweza kuimaliza.

Kabla hujaamua, gawanya kila jumla kwa mita za mraba ulizopima. Kama fundi mmoja ametumia eneo tofauti na lako kwa zaidi ya asilimia 10, mmoja wenu amekosea. Mkae mpime tena.

Hatua ya 7: Kupunguza bei bila kujipunguzia paa

Ukisema "punguza kidogo," fundi atapunguza, na utalipa kwa njia nyingine: skrubu chache, papi zilizoachana, bati jembamba la rangi ileile. Zungumzia mistari. Naweza kununua mabati mwenyewe? Mabati chakavu uchukue wewe, tukate kiasi gani? Ubao wa ukingoni unaweza kungoja mwaka ujao? Hapo bei inashuka kwa sababu unayoijua.

Kununua vifaa mwenyewe kuna uzuri na ubaya. Unajua ulichonunua na risiti ni yako. Lakini kikipungua kitu saa nane mchana paa likiwa wazi, mkimbiaji ni wewe, na vibarua wanaokusubiri wanalipwa wakiwa wamekaa. Mimi nilinunua mabati na mbao, nikamwachia fundi skrubu na vitu vidogovidogo.

Hatua ya 8: Malipo na maandishi

Usilipe yote mwanzoni, hata kwa ndugu. Hasa kwa ndugu. Gawanya malipo kwa mambo yanayoonekana kwa macho: vifaa vikifika uwanjani, mbao zikikamilika kabla hazijafunikwa, mabati yakiisha. Malipo ya hatua ya mbao yana maana kubwa, kwa sababu ni siku pekee utakayoona papi na kenchi zote kwa mwanga wa jua. Panda uzione, piga picha, ndipo ulipe. Asilimia 10 baki nayo mpaka mvua ya kwanza kubwa ipite, na fundi ajue hilo kabla ya kuanza, siyo siku ya mwisho.

Andikeni mambo manne, hata kwenye ukurasa mmoja wa daftari, mkasaini wote na shahidi. Kwanza, bei ya kila mita ya ubao wa ziada: paa likifunguliwa lazima kitu kilichofichika kitajitokeza, na bei ya dharura iliyokubaliwa mapema haina makelele. Pili, fundi asiezue zaidi ya anachoweza kufunika siku hiyohiyo. Tatu, dhamana. Ya kiwanda inahusu bati na rangi yake. Ya ufundi inahusu kuvuja, na mara nyingi hii ya pili ndiyo utakayoihitaji, kwa hiyo iandikwe ni ya muda gani. Nne, mfanyakazi akianguka nani anahusika. Swali hilo halipendezi kuliuliza. Liulize mapema, na kama fundi hana bima, ulizia bima yako inasemaje. Kamba na mikanda ya usalama iwepo kabla mtu wa kwanza hajapanda.

Nilimchagua wa pili, mwenye kile kipande cha ubao. Kazi ilichukua siku sita badala ya nne, kwa sababu chini ya kofia tulikuta mbao nyingine mbili za unga, tukazilipia kwa bei iliyoandikwa.

Mvua kubwa ikaja wiki ya tatu, usiku. Nikapanda darini na tochi. Tone moja, kila baada ya sekunde kumi hivi, karibu na kona ya mashariki. Kulipokucha nilimpigia simu fundi, akaja kabla ya saa nne, akapanda moja kwa moja hadi pale nilipoweka alama ya chaki. Skrubu moja ilikuwa imekosa papi, ikatoboa bati na kuning'inia hewani. Akaitoa, akaziba tundu, akafunga nyingine sentimita tatu pembeni, mahali penye ubao. Tulisubiri mvua nyingine, na ilipopita darini pakiwa pakavu nikamlipa ile asilimia 10.